Nusu ya Pili ya Jibu

Nilifika Birmingham kwa kuzunguka. Nilitoka Tanga na cheti cha kidato cha nne na begi moja, nikakaa Nampula miaka miwili nikiuza vipuri vya pikipiki. Kutoka hapo nikashuka Durban, nako sikudumu. Nikapanda mpaka Maskati, nikaendesha lori la maji miaka sita. Nina ugonjwa mmoja: kila mahali napapenda nikishaondoka. Nikiwa Durban nililia Nampula, na nikiwa Maskati niliota mikate ya Durban. Mwishowe wakala mmoja wa ajira akanipatia kibali cha kuja Uingereza kutunza wazee majumbani mwao. Nikapanda ndege mbili, na kati ya hizo nililala kwenye kiti cha chuma nikiwa nimekumbatia begi. Kisha basi refu, madirisha yana ukungu, nchi yote nje rangi ya maji ya kuoshea vyombo. Nikashuka Digbeth, kituo cha mabasi cha Birmingham, nikiwa na namba ya simu ya mtu nisiyemjua. Niliambiwa ana chumba cha kupangisha mtaa wa Alum Rock, na kwamba ni Mswahili mwenzetu, mtu wa Unguja.

Huyo ndiye Fundi. Barabara nzima ilimwita hivyo, tangu Wapakistani wenye maduka ya nguo hadi Wakongomani waliokuwa wakikaa juu ya duka la kuku. Hata mimi sitamwita vinginevyo.

Alinifungulia mlango mwenyewe, mwembamba, amevaa sweta mbili.

"Shikamoo," nikasema.

"Marahaba. Karibu ndani, usisimame kwenye baridi."

"Habari za hapa, mzee wangu?"

"Boila ya kupasha nyumba joto imekufa tangu jana. Goti la kushoto linauma. Chumba utakacholala kina unyevu pembeni ya dirisha, usisogeze kitanda huko. Mengine salama."

Nilisimama na begi langu nikidhani ananifukuza kwa adabu. Kwetu mtu hajibu hivyo. Kwetu ukiulizwa habari unasema nzuri, hata kama umetoka kuzika. Unasema nzuri, unameza mate, kisha ndipo unasema, isipokuwa mama ametutoka juzi. Jema kwanza, baya baadaye, na katikati pumzi moja ya kumpa mwenzio nafasi ya kukaa vizuri. Tumelelewa hivyo wote, wa bara na wa pwani. Fundi yeye alikuwa ameligeuza jibu juu chini. Baya kwanza, salama mwisho.

Watu walimcheka kwa hilo. Jirani yetu wa ukuta mmoja alikuwa nesi Mkenya aitwaye Nyambura, mama wa kanisani, mwenye sauti ya kusikika mpaka kituo cha basi. Kila asubuhi akirudi kazini alimkuta Fundi mlangoni.

"Mzee, habari ya asubuhi?"

"Presha imepanda. Sikulala. Mengine salama."

"Aki huyu mzee! Mimi nimekusalimia tu, sijakuomba ripoti. Huwezi kusema uko poa kama watu?"

"Siko poa."

"Basi si uende hospitali?"

"Nimeshakwenda. Wamenipa vidonge."

"Na umevimeza?"

Hapo Fundi alikuwa akiangalia upande mwingine. Alikuwa hamezi. Mtu huyu aliyekuwa na birika mbili jikoni, kila moja kwenye soketi yake ili moja ikifa nyingine iwepo, mtu aliyeweka tochi tatu nyumbani na kuzijaribu kila Ijumaa kabla ya kwenda msikitini, vidonge vyake vya moyo alivisahau kwenye mfuko wa koti wiki nzima. Nilipomwambia alisema, "Mashine haijitunzi, ndiyo maana naitunza." Nikamuuliza moyo je? Akasema niache maneno, niteremke nikaangalie kama chujio la mashine ya kufulia limesafishwa.

Machujio ndiyo yaliyokuwa dini yake ya pili. La mashine ya kufulia, la sinki, la bomba la bafuni. Majani ya miti yalipoanza kuanguka alikuwa akitoka na reki na ndoo, akisafisha vyuma vya mitaro ya barabarani kuanzia kwetu mpaka penye duka la kuku. Wapita njia walidhani ameajiriwa na manispaa, na baadhi walimlalamikia habari za mapipa ya taka. Aliwasikiliza. Aliandika namba za nyumba zao kwenye daftari, ingawa hakuwa na pa kuzipeleka. Kisha mvua kubwa ilikuja, majani ya barabara nyingine yakaja na maji, na mitaro yake ikaziba kama ya watu wote. Nilimwona siku hiyo amesimama dirishani, mikono nyuma, akitazama maji yakipanda kwenye ukingo wa njia ya miguu.

"Yanatoka mbali," alisema. "Huwezi kusafisha mpaka huko yanakotoka."

Alikuwa amefanya kazi miaka mingi kwenye kituo cha umeme wa nyuklia, pwani ya nchi hii. Hakuwa kwenye kinu chenyewe. Alikuwa kwenye maji. Watu wakisikia nyuklia, alisema, wanafikiria moto na sumu na wanasayansi wenye makoti meupe, hakuna anayefikiria maji. Lakini kituo kama kile kinakunywa bahari. Kila dakika pampu zinavuta maji mengi kuliko anavyoweza kuyafikiria mtu, yanapita kupoza mvuke, yanarudi baharini yakiwa na vuguvugu. Na kabla hayajafika kwenye pampu yanapita kwenye nyumba ya machujio. Humo mlikuwa na magurudumu makubwa ya wavu wa chuma, kila moja refu kuliko nyumba yetu ya Alum Rock, yanazunguka polepole usiku na mchana, yakiondoa samaki, vijiti, vipande vya nyavu, na mwani.

"Mwani hasa," alisema. "We bwana, kwetu Unguja mama zetu wanaupanda, wanaukausha, wanauuza. Mimi nimefika Ulaya nikalipwa mshahara kupigana nao."

Nilimuuliza swali ambalo kila mtu angeuliza: maji yakikatika, si wanazima tu? Alinichukua mpaka jikoni. Akawasha jiko la umeme, akasubiri sahani yake iwe nyekundu, akazima.

"Imezimwa?"

"Imezimwa."

"Weka mkono."

Nikakataa.

"Sasa hii itapoa, kwa sababu moto wake ulikuwa unatoka kwenye waya. Kile kinu unakizima, kinazimika kweli, kwa sekunde. Lakini kuni zake zinaendelea kutoa joto zenyewe, humo humo ndani. Siku ya kwanza, ya pili, wiki. Hakuna swichi ya joto lile. Dawa yake ni maji, yaende tu, usiku na mchana. Kwa hiyo kuna pampu nyingine ndogo za dharura. Nzuri kabisa, mpya, zinapakwa rangi kila mwaka. Na hizo pampu za dharura zinavuta maji wapi?"

"Wapi?"

"Pale pale. Shimo lile lile, nyuma ya machujio yale yale." Akafuta jiko kwa kitambaa ingawa halikuwa na uchafu. "Tulisema sana. Walijua. Kila mtu alijua."

Nadhani alichagua Birmingham kwa sababu ni mji ambao ukitaka kuona bahari lazima usafiri nusu siku. Hata hivyo kila kiangazi jumuiya yetu ilipokodi basi kwenda ufukweni, Fundi alikuwa wa kwanza kulipia nafasi. Akifika huko hakuoga wala hakula aiskrimu. Alitembea kwenye mstari ambapo mawimbi yanaacha takataka, akiinua mwani kwa fimbo, akiutazama, akiurudisha. Wanawake waliokuwa wakifungua mabakuli ya biriani walisema amepata wazimu kidogo wa uzee. Nami nilikubali, kwa sababu nilikuwa sijajua.

Aliniambia mwaka wangu wa pili pale nyumbani. Na aliniambia kwa sababu ya mjukuu wake.

Salma alikuwa akisoma uhandisi hapo hapo mjini. Alizaliwa Birmingham, Kiswahili anakielewa chote lakini anakujibu Kiingereza, na akijaribu Kiswahili anacheka kabla hujacheka wewe. Kila Jumapili alikuja kula. Ni mtoto wa mwanawe wa pekee, na Fundi alimpenda kwa namna ya kutia huruma: alikuwa akimwekea sahani mezani tangu saa nne, naye anakuja saa nane. Kuhusu kazi ya zamani ya babu yake alijua tu kwamba alikuwa fundi wa pampu, hakujua wapi.

Jumapili ile Salma alikuja na furaha. Alituambia wamefundishwa darasani tukio moja la kituo cha pwani, zamani kidogo. Upepo ulivuma siku tatu, mwani ukaja kwa wingi, machujio yakaelemewa, paneli zikabonyea kwa uzito wa maji, takataka zikapita mpaka kwenye pampu. Kinu kikazimwa, na kwa saa kadhaa wakawa wanapoza kwa kubahatisha, pampu moja ya dharura inakohoa, nyingine imeziba. Hakuna aliyeumia. Lakini mhadhiri aliwaonyesha sentensi moja kwenye ripoti.

"Babu, hutaamini," alisema kwa Kiingereza chake cha haraka. "Kulikuwa na mtu amesimama pale pale kwenye machujio! Mwani unaingia mbele ya macho yake. Wakamuuliza kwa redio, naye akajibu hali ni ya kawaida. Ya kawaida! Darasa zima tulicheka. Alikuwa kipofu au nini?"

Fundi alikuwa anamwondolea kuku ngozi, maana Salma hapendi ngozi.

"Labda alikuwa mjinga," alisema.

"Yaani, angesema tu. Angesema robo saa mapema."

"Kula, mwanangu, kinapoa."

Salma alipoondoka Fundi alikaa mezani mpaka taa za barabarani zikawaka. Mimi nilikuwa naosha vyombo. Akasema nyuma yangu, "Mtu huyo ni mimi."

Nikafunga bomba.

Alieleza bila kupandisha sauti. Aliona maji ya upande wa ndani yakishuka, alama moja baada ya nyingine. Bosi wake alikuwa chumba cha kuongozea mitambo, akaita kwa redio, kama alivyoita kila saa: kuko sawa huko? Na Fundi akajibu kama alivyolelewa. Kuko sawa, akasema. Akavuta ile pumzi. Kisha akasema: isipokuwa chujio la pili linaelemewa na maji ya ndani yanashuka, tupunguze pampu sasa hivi.

"Nikasubiri. Kimya. Nikadhani wanapunguza. Nikasubiri tena. Ilipofika robo saa nilisikia chuma kinalia." Alitazama mikono yake. "Nilisema yote. Sikuficha neno. Lakini kilichoandikwa ni nusu ya kwanza. Mtu aliyekuwa kwenye machujio aliarifu kuwa hali ni ya kawaida. Basi. Ya pili haimo."

"Kwa nini haimo?"

"Labda redio ilikata. Labda alishageuka. Mimi nilihamishwa stoo, nikahesabu boliti mpaka nikastaafu. Hakuna aliyenigombeza hata siku moja."

Nikamwambia amweleze Salma. Alitikisa kichwa.

"Nikimwambia mimi atanihurumia. Atanikumbatia, atasema babu, haikuwa kosa lako. Sitaki hivyo. Nataka asome. Kama alivyoisoma ile, aisome na hii, kwenye karatasi, iliyoandikwa na wao."

Hiyo ndiyo ilikuwa haja yake yote duniani: nusu ya sentensi iongezwe. Nilielewa siku hiyo alichokuwa akikiandika kwenye meza ya ukumbini akitumia rula kunyoosha mistari. Barua. Alikuwa ameanza kuwaandikia wakubwa wa kituo na wa serikali kabla sijafika, na baada ya Jumapili ile akazidisha. Mimi ndiye niliyezipeleka posta. Nikirudi alikuwa akiniuliza, "Umeisikia ikianguka ndani?" Nikisema sikusikia, alinirudisha nikaangalie isiwe imekwama mdomoni mwa sanduku la posta.

Majibu yalikuja, lazima niseme kweli. Wazungu wanajibu. Asante kwa kutuandikia. Barua yako imepelekwa idara inayohusika. Kisha kituo chenyewe kilifungwa, kikaanza kubomolewa taratibu, na kumbukumbu zikahamia ofisi nyingine. Ofisi ile ikasema uamuzi ni wa ofisi ya kwanza, na ya kwanza haikuwapo tena. Mara moja tu alijibu mtu kama mtu, mwanamke, akaandika kwamba ripoti iliyokwisha kupitishwa haibadilishwi. Ila, akasema, kama aliyekuwa msimamizi wa zamu yuko hai na ataandika kwa mkono wake alichokisikia, maelezo hayo yanaweza kuambatanishwa.

Fundi aliisoma barua ile mara nyingi mpaka ikachanika kwenye mikunjo. Nikamuuliza bosi yuko wapi, akaniambia bila kusita: Kings Heath.

"Kings Heath hii hii? Ya hapa?"

"Ni mtu wa Birmingham yule. Alirudi kwao alipostaafu. Nyumba ina mlango wa kijani, nyuma ya barabara ya maduka."

"Umejuaje?"

"Huwa napita."

Huwa napita! Miaka kumi na zaidi alikuwa akipanda mabasi mawili kwenda Kings Heath, ananunua viazi ambavyo Alum Rock vimejaa, anapita mbele ya mlango wa kijani, anarudi. Mtu aliyeandikia wakubwa wa serikali barua bila woga hakuweza kugonga mlango.

"Ndiye aliyenifundisha kazi," alisema. "Nilipoingia pale sikuwa najua hata kushika spana ya kule. Alikuja harusini kwangu, alikaa chini kwenye mkeka na suti yake, akala kwa mkono. Utakwendaje kwa mtu kama huyo umwambie, wewe ndiye uliyeninyamazia?"

"Hutamwambia hivyo. Utamwomba aandike tu."

"Ni kitu kimoja."

Nyambura tulimshirikisha, maana siri kwenye nyumba za ukuta mmoja haikai. Yeye alikasirika. "Mzee, wewe unangoja nini? Mimi nafanya kazi na watu wa umri huo. Leo anakukumbuka jina, kesho anakuita mama yake. Enda!" Fundi akasema atakwenda baada ya Ramadhani. Baada ya Ramadhani akasema mvua. Baada ya mvua goti.

Mimi nilikuwa na mambo yangu. Kampuni iliyonileta ilinyang'anywa kibali cha kuajiri watu wa nje, na sisi wote tukapewa muda mfupi wa kutafuta mwajiri mwingine au kuondoka. Nilizunguka. Niliandika maombi mpaka nikaota maneno yake. Wazee wangu niliokuwa nikiwaogesha na kuwalisha walipewa watu wengine, na mmoja, bibi wa mtaa wa Castle Vale, alinipigia simu mara mbili kuniuliza nitakuja lini. Muda ulipokwisha nilikata tiketi ya kurudi. Sio Tanga hasa. Niliambiwa kuna kazi ya udereva Pemba ya Msumbiji. Nikaanza kuipenda Birmingham siku hiyo hiyo niliyolipia tiketi, nikawa natazama matofali mekundu ya Alum Rock kama mtu anayemtazama mchumba.

Nilimwambia Fundi, "Naondoka Alhamisi. Nikiondoka hutakwenda kamwe. Twende asubuhi ya Alhamisi."

Alitazama kalenda ukutani. Kisha akasema, "Salma ana gari. Atatupeleka, kisha akupeleke kituoni."

Salma tulimwambia tunakwenda kumwamkia mzee mmoja aliyewahi kufanya kazi na babu yake. Alitushusha, akaenda kuzunguka madukani. Fundi alikuwa amevaa suti, na ndani ya koti alikuwa na karatasi tupu na kalamu mbili. Tulisimama mbele ya mlango wa kijani muda mrefu mpaka pazia la dirishani likasogea. Mimi ndiye niliyegonga.

Alifungua bosi mwenyewe, mzee mkubwa, mabega yameinama, anashikilia kiunzi cha kutembelea. Alimtazama Fundi, na uso wake ukafunguka. Alimkumbuka. Alimwita kwa jina lake kamili, tena akalitamka vizuri kuliko watu wengi wa Alum Rock. Tuliingia, tukaketi kwenye viti vyenye vitambaa, akang'ang'ania kututengenezea chai mwenyewe, na vikombe vilikuwa vikigongana njia nzima kutoka jikoni. Waliongea habari za watu waliokufa. Walicheka habari za mpishi mmoja wa kantini. Nilikuwa natazama saa.

Mwishowe Fundi akaweka kikombe chini. "Siku ya mwani," alisema.

"Ah," alisema bosi. "Siku ile tulifanya kazi."

"Uliniuliza kwa redio."

"Nilikuuliza."

"Nikasema kuko sawa. Kisha nikasema neno jingine. Ulilisikia?"

Yule mzee alimtazama kama mtu anayeulizwa jina la mtoto wake.

"Nililisikia lote. Chujio la pili, maji yanashuka, tupunguze pampu. Nilikuwa naongea na wakubwa kwenye simu, nikaomba ruhusa ya kupunguza umeme, wakasema ngoja. Nikangoja." Aliinama mbele, akaweka mkono wake wenye madoa juu ya goti la Fundi. "Ndiyo maana sikuliandika. Unaelewa? Ningeliandika, wangekuuliza wewe uliyeona kwa nini hukusimamisha mwenyewe. Ulikuwa mgeni. Wangekufukuza wiki ile ile. Nikaandika ulisema kawaida, ili ionekane jambo limekuja ghafla, hakuna aliyeweza kulizuia. Nilikulinda, rafiki yangu. Sikuwahi kukwambia, sikutaka unishukuru."

Chumba kilikuwa na joto kali la hita. Nilimtazama Fundi. Nilingoja aseme neno, lolote. Nilijua mzee yule alijilinda na yeye pia, na Fundi alijua, na nadhani mzee mwenyewe hakuwa anajua tena.

"Asante," alisema Fundi.

Nikamkanyaga mguu kidogo. Akatoa karatasi.

"Nilitaka kukuomba uniandikie," alisema. "Mistari miwili. Kwamba nilifanya... kuhusu kazi yangu. Siku ile."

"Kwa furaha!" Bosi alivaa miwani. Aliandika polepole, ulimi umetokeza kidogo, mkono unatetemeka hivi kwamba alilazimika kuushika kwa mkono wa pili. Ilichukua muda wa chai kupoa kabisa. Akatia sahihi, akaandika na cheo chake cha zamani, akamkabidhi.

Nilisoma juu ya bega la Fundi. Iliandikwa kwamba bwana huyu alifanya kazi chini yangu kwa miaka mingi, alikuwa mwaminifu, mwenye bidii, hakuwahi kuchelewa, na namwombea mema kwa mwajiri yeyote.

Fundi alisoma mpaka mwisho. Akasoma tena. Akasimama, akampa mkono yule mzee kwa mikono yake miwili, akasema ameandika vizuri sana.

Njiani nilimwambia, "Turudi. Umwambie siyo hii. Dakika tano."

"Uliuona mkono wake?"

"Niliuona."

"Basi."

"Na Salma je?"

Lakini Salma alikuwa tayari amefika, amepaki mahali pasiporuhusiwa, anapiga honi. Tukaingia, Fundi mbele, mimi nyuma na begi langu. Gari likaondoka kuelekea mjini. Karatasi ilikuwa bado mkononi mwake, hakuwa ameikunja. Salma akaiona penye taa nyekundu.

"Nini hiyo, babu?"

Fundi akampa.

Salma aliisoma juu ya usukani. Taa ikawa kijani, wa nyuma wakapiga honi, hakujali. Akaweka mkono kifuani.

"Babu! Hukuwahi kuniambia bosi wako alikuwa anakuona hivi." Machozi yalikuwa yanamlengalenga. Akajaribu Kiswahili, na safari hii hakucheka. "Hii... hii tutaiweka fremu. Kwenye ukuta. Pale kwa meza."

Nilifungua mdomo kwenye kiti cha nyuma. Fundi akageuza kichwa kidogo, akanitazama kwenye kioo cha ubavuni, nikaufunga.

Tulipofika Digbeth basi langu lilikuwa limeshafungua mlango. Nilimpa Fundi mkono, nikambusu mkono kama tunavyowabusu baba zetu, akaniombea safari njema. Salma akanipa simu yake. Alitaka picha yao wawili na karatasi, upesi, kabla sijapanda. Akasimama amemkumbatia babu yake begani. Nikarudi nyuma hatua mbili, nikawaweka katikati. Upepo ulikuwa unaikunja karatasi pembeni. Fundi akaishika kwa mikono yote miwili na kuinyoosha, ili maandishi yaonekane.